Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Ukipita katika mitaa ya Temeke au Kinondoni, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mara nyingi utamwona fundi ameketi barazani mbele ya meza ndogo. Mezani pana redio iliyofunguliwa, na feni isiyozunguka, na mota ya pampu iliyoungua, na vipande vya nyaya vya kila namna. Fundi huondoa waya wa shaba ulioungua ndani ya mota, kisha husuka mwingine mpya, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu moyoni asije akakosea. Akiisha kusuka, huunga nyaya zake, na mota iliyokuwa imekufa huanza kuzunguka tena. Watoto wasimamao kando hushangaa, na huenda mmoja wao akarudi nyumbani akaanza kufungua tochi mbovu ya baba yake, apate kuona kilichomo ndani.

Wako watu wadhanio ya kuwa kazi hiyo ya kuchezea nyaya ni upuzi wa watoto, na ya kuwa elimu ya umeme ni ya wenye mali na ya vyuo vikubwa tu. Habari za mtu tutakayemsoma sasa zitatuonyesha kuwa sivyo. Yeye alikuwa mtoto wa maskini, wala hakusoma shuleni ila kidogo sana, na chombo chake cha kwanza cha umeme alikitengeneza kwa chupa. Hata hivyo, fundi yule wa barazani anaposuka mota yake, anafuata njia aliyoifungua mtu huyu. Jina lake ni Michael Faraday.

Utoto wake

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka 1791 katika nchi ya Uingereza, mahali paitwapo Newington. Siku zile Newington ilikuwa pembeni mwa mji wa London, ng'ambo ya kusini ya mto Thames, kama vile Temeke ilivyo upande wa kusini wa Dar es Salaam. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyetoka sehemu za kaskazini kuja kutafuta kazi. Alikuwa fundi hodari, lakini aliugua mara kwa mara, na siku asizoweza kuinua nyundo hakupata ujira. Mama yake, Margaret, aliitunza nyumba na watoto wanne kwa hicho kidogo kilichopatikana. Baadaye wakahamia ndani ya mji, wakakaa katika vyumba vilivyo juu ya banda la magari ya farasi.

Katika mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda mno, na njaa ikaingia katika nyumba za maskini. Michael alikuwa na umri wa miaka 9. Alipewa mkate mmoja, nao ulipasa kumtosha kwa juma zima. Shuleni alijifunza kusoma na kuandika na hesabu kidogo, basi. Zaidi ya hayo hakupata.

Alipotimiza miaka 13 ilimbidi afanye kazi. Akaingia kwa Bwana George Riebau, mwenye duka la kuuza na kujalidi vitabu. Kwanza kazi yake ilikuwa kuchukua magazeti nyumba kwa nyumba, kwa kuwa siku zile watu wengi hawakuweza kununua gazeti, walikodi tu. Michael alilipeleka gazeti kwa huyu, akangoja amalize kulisoma, kisha akalipeleka kwa yule. Mwaka uliofuata, yaani 1805, Bwana Riebau akampokea awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa muda wa miaka 7, na kwa sababu alipendezwa na mwenendo wake hakumtoza ada yo yote.

Chupa, senti na maji ya chumvi

Wajalidi wengi hushona kitabu wasijue kilichomo. Michael alivishona vitabu mchana, na kazi ikiisha alivisoma. Siku moja aliletewa ajalidi juzuu moja ya kitabu kikubwa cha elimu zote, na ndani yake mlikuwamo habari za umeme. Kadhalika alipata kitabu cha bibi mmoja, Jane Marcet, kilichoeleza elimu ya kemia kwa maneno mepesi. Vitabu hivyo viwili viliyageuza maisha yake.

Angaliweza kusoma tu na kusadiki yaliyoandikwa, kama wafanyavyo wengi. Lakini tabia yake haikuwa hiyo. Alitaka kuliona kila jambo kwa macho yake, na kulijaribu kwa mikono yake. Akawa anaweka akiba pesa chache kila juma, akanunua vyombo vya kioo katika duka la vitu vikuukuu. Kwa chupa akatengeneza mashine ndogo ya umeme: chupa huzungushwa huku ikisuguliwa, na kwa kule kusuguliwa umeme hukusanyika mpaka cheche huruka. Baadaye akatengeneza nyingine iliyo bora zaidi.

Baba yake alifariki mwaka 1810. Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, aliona jinsi mdogo wake alivyoitamani elimu. Jioni nyingine kulikuwa na mafunzo ya sayansi katika nyumba ya mwalimu mmoja mjini, na kiingilio kilikuwa shilingi moja kila mara. Shilingi ile haikuwa fedha ndogo kwa mhunzi, lakini Robert aliitoa. Msomaji, usimsahau Robert. Hakuna mtu anayepanda juu peke yake; daima yuko aliyeishika ngazi.

Katika mwezi wa Julai mwaka 1812 Michael alitengeneza betri kwa mikono yake mwenyewe. Alichukua bamba la madini yaitwayo zinki, akalikata vipande 7 vya mviringo, kila kimoja kadiri ya nusu peni, yaani senti ya shaba ya Kiingereza. Juu ya kila kipande akaweka nusu peni moja. Kati ya jozi na jozi akaweka karatasi iliyolowa maji ya chumvi, karatasi 6 kwa jumla. Ndiyo betri yenyewe: shaba, zinki na chumvi. Kisha akachukua nyaya mbili kutoka ncha za betri, akazitia katika maji yenye chumvi ya haluli. Mapovu yakaanza kutoka kwenye nyaya! Umeme wa senti zake ulikuwa ukiivunjavunja ile dawa ndani ya maji. Hebu fikiri furaha ya kijana yule, katika chumba chake kidogo, alipoona jambo kubwa la wataalamu linafanyika mbele yake kwa vitu ambavyo mtu ye yote angaliweza kuvipata.

Anaingia katika kazi ya elimu

Siku zile mtaalamu mkubwa wa kemia katika London alikuwa Humphry Davy. Alifundisha katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution, na mabwana na mabibi wa mji walijaa kumsikiliza. Mteja mmoja wa duka la Bwana Riebau alimpa Michael nafasi ya kuhudhuria mafunzo manne. Kijana akaketi juu ghorofani, akasikiliza na kuandika. Aliporudi nyumbani akayaandika upya yote kwa hati nzuri, akachora picha za vyombo, kisha akakijalidi kitabu kile kwa ufundi wake mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1812 muda wa uanagenzi wake ulikwisha. Sasa alisimama penye njia panda. Upande mmoja ulikuwapo ufundi alioujua vizuri, wenye riziki ya hakika. Upande wa pili ilikuwapo elimu aliyoipenda, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa kwa mtu kama yeye. Alikwisha kumwandikia mkubwa wa Chama cha Kifalme cha wataalamu kuomba kazi yo yote, hata iliyo duni; asipate jibu. Hakukata tamaa. Mwisho wa mwaka akampelekea Davy barua pamoja na kile kitabu alichokijalidi. Davy alipendezwa, akamwita waonane, lakini alimshauri ashike kazi yake ya vitabu, kwa kuwa elimu ni bibi mkali asiyelipa vema.

Haikupita miezi mingi, msaidizi mmoja pale chuoni akaondoshwa kwa sababu ya ugomvi. Davy akamkumbuka mjalidi. Tarehe 1 Machi mwaka 1813 Michael Faraday akaandikwa kazi ya kuosha na kutayarisha vyombo, kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma, na vyumba viwili juu darini. Katika mwaka ule ule akafuatana na Davy katika safari ndefu ya Ulaya. Huko aliwaona wataalamu wengi, hata Volta, mzee wa Italia aliyevumbua betri. Lakini safarini alitumikishwa kama mtumishi wa nyumbani, na mke wa Davy hakumruhusu kula pamoja nao. Jambo hilo lilimwuma sana, hata akafikiri kurudi kwake. Akavumilia, akajifunza.

Waya unaozunguka

Katika mwaka 1820 Bwana Oersted wa Denmark aligundua ya kuwa waya wenye umeme huigeuza sindano ya dira. Basi umeme na sumaku vina udugu! Wataalamu wote wakaanza kulichungua jambo hilo. Mwezi wa Septemba mwaka 1821 Faraday akasimamisha sumaku ndani ya chombo chenye zebaki, akaning'iniza waya kutoka juu hata ncha yake ikagusa zebaki, akaunga betri. Waya ukaanza kuizunguka sumaku, ukazunguka wala usikome. Hiyo ndiyo mota ya kwanza duniani. Faraday alifurahi mno, akacheza kuizunguka meza pamoja na shemeji yake mdogo.

Lakini furaha hiyo ililetea uchungu. Aliharakisha kuichapisha habari yake, asimtaje Bwana Wollaston, mtaalamu mwingine ambaye zamani kidogo alikuwa amefikiri na kujaribu jambo linalofanana nalo, ingawa hakufaulu. Watu wakanong'ona ya kuwa mwana wa mhunzi ameiba wazo la mkubwa wake. Faraday alihuzunika, kwa sababu aliuthamini uaminifu kuliko sifa. Hakujificha wala hakugombana; alimwendea Wollaston mwenyewe, akamweleza mambo yote, na Wollaston akaridhika. Walakini Davy, bwana wake wa zamani, hakupendezwa. Faraday alipopendekezwa kuingia katika Chama cha Kifalme, Davy alimpinga. Kura zilipopigwa mwezi wa Januari mwaka 1824, wote walimkubali isipokuwa mtu mmoja tu. Faraday hakulipa kisasi. Mpaka mwisho wa maisha yake alimsifu Davy kwa wema aliomtendea mwanzo. Lakini tangu siku zile alijifunza kuandika kwa uangalifu kazi zake zote na kutoa heshima kwa kila anayestahili.

Pete ya chuma

Tangu mwaka 1822 Faraday alikuwa ameandika katika daftari lake shauri moja la kujaribu: ikiwa umeme unaweza kufanya sumaku, je, sumaku haiwezi kufanya umeme? Alijaribu, asifaulu. Miaka ikapita, akajaribu tena, asifaulu. Kila mara aliandika katika daftari ya kuwa hakuona kitu, wala hakuona haya kuandika hivyo.

Hata tarehe 29 Agosti mwaka 1831 akachukua pete ya chuma, upana wake inchi 6. Upande mmoja akasuka waya wa shaba mizunguko mingi, na upande wa pili akasuka waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Siku hizi fundi hununua waya uliokwisha kupakwa vanishi, ili umeme usivuke kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Faraday hakuwa na waya wa namna hiyo. Alitenga mizunguko kwa kamba nyembamba na kitambaa cha pamba, kwa mkono wake, kwa subira. Upande wa kwanza akauunga na betri. Upande wa pili akauweka karibu na sindano ya dira. Alipounga betri, sindano ikatikisika, kisha ikatulia. Alipoondoa betri, ikatikisika tena.

Mtu mwingine angalisema ni bahati tu, kwa kuwa sindano ilitulia muda wote betri ilipokuwa imeungwa. Faraday alifikiri sana juu ya mtikisiko ule mdogo, akatambua maana yake: umeme katika waya wa pili hauzaliwi na sumaku iliyotulia, bali na sumaku inayobadilika. Tarehe 17 Oktoba akachukua msokoto wa waya, akaingiza ndani yake kipande cha sumaku upesi, akakitoa upesi. Na kila mara sindano ikacheza. Siku 11 baadaye akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka bila kukatika kwa muda wote sahani ilipozunguka. Dunia ilikuwa imepata mashine ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa njia ya kuzungusha.

Sasa, msomaji, tazama tulipofika. Katika bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, imo mitambo 9, kila mmoja una nguvu za megawati 235. Maji huisukuma izunguke. Kule Kinyerezi, katika Dar es Salaam, mitambo huzungushwa kwa nguvu ya gesi. Kote huko kazi ni ile ile ya mwaka 1831: sumaku na waya wa shaba, kimoja kikizunguka mbele ya mwenziwe. Na ile pete ya chuma ndiyo babu wa transfoma zote, tangu ile kubwa iliyo juu ya nguzo mtaani hata ile ndogo iliyomo ndani ya redio.

Mwenendo wake

Sifa za Faraday zilienea, na makampuni yakamtafuta awashauri kwa malipo makubwa. Angaliweza kuwa tajiri. Lakini aliona ya kuwa kazi hizo zingemla wakati wake, akaziacha karibu zote, akarudi kwa nyaya na sumaku zake. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha Sir. Mara mbili aliombwa awe mkuu wa Chama cha Kifalme, kile kile ambacho mkubwa wake wa zamani hakuijibu barua yake. Mara mbili alikataa. Alitaka kuitwa Michael Faraday tu mpaka mwisho.

Hakujua hesabu za juu, nalo lilikuwa pengo kubwa. Lakini alilijua pengo lake, akalifidia kwa kuchora picha akilini na kwa kuandika kila jaribio, lililofaulu na lisilofaulu. Maandishi ya madaftari yake aliyatia namba, nazo zilipita 16,000. Baadaye James Clerk Maxwell aliyageuza mawazo yake kuwa hesabu. Kwa hesabu hizo Heinrich Hertz akayapata mawimbi ya umeme hewani, na Marconi akayatumia kupeleka habari bila waya. Ndiyo njia iliyofika hata kwetu, redio ilipoanza kutangaza katika Dar es Salaam mwaka 1951.

Watoto aliwapenda sana, ingawa yeye na mkewe Sarah hawakujaliwa kupata mtoto. Kila mwaka wakati wa Krismasi Royal Institution iliwafundisha vijana, na Faraday alifundisha mara 19. Mara ya mwisho alichukua mshumaa mmoja tu, akawaonyesha ya kuwa ndani ya moto wake mdogo zimo kanuni za dunia nzima. Uzeeni alipoteza kumbukumbu zake kidogo kidogo. Alifariki tarehe 25 Agosti mwaka 1867, ameketi kitini mwake.

Jambo la kujaribu

Ninyi nanyi mwaweza kuanza. Chukueni msumari wa chuma, waya mwembamba wa shaba uliofunikwa, na betri moja ya tochi. Sukeni waya kwenye msumari kama mara 50, vizuri na kwa mpango, kisha menyeni ncha mbili za waya na kuzigusisha na ncha mbili za betri. Msumari utavuta pini. Ondoeni betri, nao utaziangusha. Msikawie, maana waya hupata moto na betri huisha. Kisha andikeni katika daftari mlichokiona, na mizunguko mliyosuka, kama alivyofanya Faraday.

Lakini angalieni: umeme wa tochi ni mtoto, umeme wa ukutani ni simba. Usiguse kamwe nyaya za nyumba, wala usifungue chombo kilichochomekwa. Faraday mwenyewe, pamoja na uangalifu wake wote, aliumizwa mara kadhaa na vyombo vilivyopasuka, hata vipande vya kioo vikamwingia machoni.

Siku utakapopita tena mbele ya fundi wa mtaani kwako, mwombe kwa adabu akuonyeshe kapasita ya feni. Juu yake utaona namba, na baada ya namba pana alama inayoishia kwa herufi F. Herufi hiyo ni ya neno faradi, kipimo walichokiita wataalamu kwa jina la mwana wa mhunzi. Yeye aliyekataa cheo cha Sir, jina lake limo mezani pa kila fundi.